Daftari moja, milango minne: kesi ya uhalifu wa kivita uipeleke mahakama ipi?

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya ukalimani mkoani Kigoma, upande wa Kasulu, kwa mawakili waliokuwa wakiwasaidia wakimbizi wa Kongo na Burundi. Asubuhi moja akaja mama wa Kibembe kutoka kambi ya Nyarugusu, mtu mzima, kajifunga kitenge, mkononi ana mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu. Ndani mlikuwa na daftari la shule. Alilifungua ukurasa wa kati akaliweka mezani. Ni majina, moja chini ya jingine, mengine kwa kalamu ya bluu, mengine nyeusi, maana aliyaandika kadiri alivyoyakumbuka. Ni watu wa nyumba yake waliouawa Makobola, kando ya Ziwa Tanganyika huko Fizi, Kivu Kusini, kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Akasema: "Mwanangu, hii nitaipeleka wapi? Hague?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na karibu kila mara mji unaotajwa ni huo huo. Lakini sheria ya kimataifa ya jinai ina milango kadhaa, kila mmoja na kizingiti chake, na anayebisha hodi mlango usio wake anaweza kupoteza miaka kumi. Ulinganisho huu nauandikia mwenye daftari kama lile na anayekaa naye: msaidizi wa kisheria, paroko, mtangazaji wa redio ya jamii, mwanafunzi wa sheria. Msimamo wangu nausema mapema. Mahakama ichaguliwe kwa kumtazama shahidi kwanza: kama ataifikia, kama atasikilizwa kwa lugha yake, kama atarudi kwake salama. Ukubwa wa jina la mshitakiwa uje baadaye.

Kwanza tuondoe zisizofunga mtu

Hague, mji wa Uholanzi, kuna mahakama mbili zinazochanganywa kila siku. Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) inahukumu kesi za nchi na nchi. Ndiyo iliyoiamuru Uganda, Februari 2022, iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vilivyoanza 1998, na Uganda ikaanza kulipa kwa awamu mwaka huo huo. Haikumfunga ofisa hata mmoja, kwa sababu hiyo si kazi yake. Inayomshitaki mtu kwa jina lake ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC).

Arusha nako watu hupotea. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Mahakama ya Afrika Mashariki zote mbili ziko pale, na zote mbili hushughulika na serikali. Itifaki ya Malabo ya 2014 ilikusudia kuipa mahakama ya Afrika uwezo wa kuhukumu jinai, lakini inahitaji nchi 15 ziiridhie na bado haijaanza kutumika. Tena imewawekea kinga marais walio madarakani, kifungu ambacho kwa maoni yangu kinaiondolea itifaki hiyo nusu ya maana yake.

Lini, na nani

Kabla hujapima sifa za mahakama yoyote, andika tarehe ya tukio juu ya ukurasa. ICC haiwezi kugusa lililotendeka kabla ya tarehe 1 Julai 2002, siku Mkataba wa Roma ulioiunda ulipoanza kutumika. Kwa yule mama wa Makobola mlango huo ulikuwa umefungwa hata kabla hajaupandisha ule mfuko kwenye gari, na mimi ndiye niliyetakiwa kumtafsiria maneno hayo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya Kongo kati ya 1993 na 2003. Mengi mno yanaangukia upande wa nyuma wa mstari huo.

Kwa Warundi mstari upo pia, ila umekatwa kwa mbele. Nchi yao ilijitoa ICC na kujitoa huko kukaanza kufanya kazi tarehe 27 Oktoba 2017. Siku mbili kabla, majaji walikuwa wameruhusu uchunguzi wa yaliyotendeka tangu Aprili 2015. Kwa hiyo aliyeteswa Bujumbura mwaka 2016 bado ana hoja Hague. Aliyeteswa humo humo mwaka 2019 hana, isipokuwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liipeleke kesi huko, na hilo mtu asiliwekee matumaini.

Halafu jiulize mtuhumiwa ana cheo gani leo. Mbele ya ICC cheo si kinga, hata cha urais. Mbele ya mahakama ya nchi nyingine mambo ni tofauti. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata Yerodia Ndombasi alipokuwa waziri wa mambo ya nje wa Kongo, na tarehe 14 Februari 2002 ICJ ikaamua kwamba waziri wa namna hiyo, akiwa madarakani, hashikwi na mahakama ya nchi ya kigeni. Kama unayemtuhumu bado anapanda gari lenye bendera, Ulaya haitakusaidia mpaka ateremke.

Hague na Gulu: makamanda wawili wa kundi moja

Hapa ndipo mizani inakaa sawa, maana tunao watu wawili wa kundi moja la waasi wa Uganda, LRA la Joseph Kony. Wote wawili walitekwa wangali watoto, wakakulia msituni, wakapanda vyeo, na mwisho wakahukumiwa kwa mateso waliyowatendea watu wa kaskazini mwa Uganda. Dominic Ongwen alipelekwa Hague. Thomas Kwoyelo alibaki nyumbani.

Hati ya kumkamata Ongwen ilitolewa 2005. Alijisalimisha Januari 2015 huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, kesi ikaanza kusikilizwa Desemba 2016, na Februari 2021 akatiwa hatiani kwa makosa 61, yakiwemo mashambulizi ya kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, na kuwalazimisha wasichana ndoa na mimba. Alipewa miaka 25, rufaa yake ikakataliwa Desemba 2022. Tangu mahakama ilipompata mkononi hadi hukumu ni miaka sita.

Kwoyelo alikamatwa Machi 2009 katika misitu ya Kongo. Kesi yake ilifunguliwa Gulu mwaka 2011, katika kitengo cha Mahakama Kuu ya Uganda kinachoshughulikia uhalifu wa kimataifa, ikasimama mwaka huo huo kwa sababu ya mabishano juu ya sheria ya msamaha. Maelfu ya wapiganaji walikuwa wamesamehewa chini ya sheria hiyo. Kwa nini yeye hapana? Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2015 kesi iendelee. Hatia ikatangazwa Agosti 2024, kwa makosa 44, na miaka 40 jela ikafuata Oktoba. Alikaa mahabusu miaka 15 bila kujua kama ana hatia au hana. Jambo hilo lilimuumiza yeye, na liliwaumiza zaidi waliokuwa wakimngoja, maana shahidi naye huzeeka.

Kwa mwendo, basi, Hague ilishinda, na si kwa kidogo. Kwa ukaribu Gulu ilishinda. Watu wa Lukodi walimsikiliza jaji wa Hague kwa redio na kwa skrini zilizowekwa vijijini. Wa Gulu waliweza kupanda boda, kuingia ukumbini na kumwona mtu mwenyewe kizimbani, akiongea Kiacholi kile kile wanachoongea wao. Wapo mawakili wanaoliona hilo jambo dogo. Mimi nimewatafsiria watu wa kutosha kujua kwamba si dogo. Sentensi ya shahidi ikipita kwenye masikio ya wakalimani wawili hufika kwa jaji imechoka.

Fidia nayo itazamwe kwa makini. Februari 2024 majaji wa Hague waliamuru fidia ya euro milioni 52.4 kwa waathirika karibu 50,000 wa Ongwen. Kila mmoja euro 750 kama ishara, na mengine kwa huduma za pamoja. Ongwen hana kitu, kwa hiyo fedha zinategemea Mfuko wa Waathirika wa mahakama hiyo, ambao nao hutegemea michango ya nchi. Gulu, Desemba 2024, mahakama iliiamuru serikali ya Uganda iwalipe waathirika 103 wa Kwoyelo hadi shilingi za Uganda milioni 10 kila mmoja. Kiasi ni kikubwa zaidi kwa mtu, lakini watu ni wachache mno, na anayedaiwa ni serikali. Mteja wako akikuambia kinachomsumbua ni ada ya shule ya wajukuu, mwambie wazi kwamba hakuna mlango kati ya hii miwili unaolipa haraka.

ICC ina udhaifu mwingine ambao kesi ya Ongwen haiuonyeshi. Haina askari. Kony alitolewa hati 2005 na hadi Septemba 2025 ilibidi mashtaka yake yasikilizwe Hague kiti chake kikiwa kitupu. Omar al-Bashir, akiwa rais wa Sudan, alisafiri nchi kadhaa na hati mbili zikimfuata. Vladimir Putin ana hati tangu Machi 2023, Benjamin Netanyahu tangu Novemba 2024. Kwa upande wa pili, Rodrigo Duterte aliyekuwa rais wa Ufilipino alikamatwa Manila Machi 2025 na kufikishwa Hague, kwa hiyo asiwepo wa kusema hati hizo ni karatasi tu. Zinangoja siasa ya nyumbani igeuke.

Na mashahidi. Kesi za Kenya za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100, hazikuishia kwenye hukumu. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, ya William Ruto na Joshua Sang yakasimamishwa Aprili 2016, huku majaji wakitaja mashahidi walivyoingiliwa. Hague ni mbali na nyumbani kwa shahidi, lakini nyumbani kwa shahidi si mbali na wanaomtafuta. Anayekuambia Hague ni salama kwa sababu iko Ulaya hajafikiri shahidi analala wapi.

Mahakama inayokuja kijijini

Kongo ina kitu ambacho wengi nje ya nchi hawakifahamu: mahakama za kijeshi zinazosafiri, majaji, karani, mawakili na walinzi, hadi pale uhalifu ulipotendeka. Usiku wa mwaka mpya wa 2011 askari waliwabaka wanawake wengi mjini Fizi. Mahakama ikaja Baraka, mji wa pwani ya ziwa, na tarehe 21 Februari mwaka huo huo Luteni Kanali Kibibi Mutware akapewa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ni siku 51 tangu tukio. Weka idadi hiyo karibu na miaka 15 ya Kwoyelo.

Mfano ninaouthamini zaidi ni wa Kavumu, karibu na Bukavu. Kwa miaka mitatu watoto wa kike, wengine hawajafika umri wa kuongea vizuri, waliibwa usiku kutoka vitandani, wakabakwa, wakaachwa mashambani. Walitibiwa katika hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege. Kiongozi wa kundi lililofanya hayo, lililojiita Jeshi la Yesu, alikuwa mbunge wa jimbo, Frederic Batumike. Mahakama ilihamia Kavumu Novemba 2017. Ushahidi wa watoto ulikuwa umerekodiwa kwa video mapema, ili wasisimamishwe mbele ya waliowaumiza. Mashahidi wakubwa walisema kutoka nyuma ya pazia, sauti zao zikibadilishwa na mashine. Nje, wanakijiji walijaa. Tarehe 13 Desemba 2017 Batumike na wenzake walipewa kifungo cha maisha, yeye akiwa na kiti chake cha ubunge. Sijaona Hague wala Ulaya kesi iliyomlinda mtoto shahidi kwa uangalifu huo na bado ikawaachia wazazi wake waisikie hukumu kwa masikio yao.

Udhaifu ni mzito pia. Majaji ni wanajeshi, na jenerali hahukumiwi kwa urahisi na aliye chini yake. Fidia zinaamriwa, halafu waathirika wanazeeka wakizisubiri. Na jela: Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wafungwa zaidi ya 4,000 walitoroka jela ya mji huo, Munzenze, na wanawake wengi waliokuwa humo walibakwa na kufa motoni. Hukumu ya haki inahitaji ukuta unaosimama.

Ulaya, akiwa huko

Mlango wa Ulaya ni wa kuvizia. Unafunguka mtuhumiwa akiwa anaishi humo, au amepita. Roger Lumbala, kiongozi wa waasi aliyekuja kuwa waziri Kongo, alikuwa akiishi Ufaransa. Alishitakiwa huko mwanzoni mwa 2021 kuhusu ukatili wa 2002 na 2003 katika Ituri na Haut-Uele dhidi ya Wambuti na Wanande, na Desemba 2025 mahakama ya Paris ikampa miaka 30. Pascal Simbikangwa alikamatwa Mayotte, kisiwa cha jirani zetu wa Komoro kinachotawaliwa na Ufaransa, na mwaka 2014 akapewa miaka 25 Paris kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Faida yake: polisi wanaofanya kazi, jela zisizovunjwa, wapelelezi wanaofuata fedha. Hasara: kesi inasikilizwa kwa Kifaransa au Kijerumani mbele ya watu wasiojua Mambasa ya Ituri iko wapi, na shahidi anahitaji viza, kitu ambacho kwa mkimbizi wa Nyarugusu ni mlima. Sheria nazo hubanwa siasa zikikaza, kama Ubelgiji ilivyopunguza yake mwaka 2003 kwa shinikizo la Marekani. Ukijua kwa hakika mtuhumiwa anakaa mji fulani wa Ulaya, usingoje, maana anaweza kuhama. Usipojua, usiwape watu matumaini hayo.

Mahakama iliyoundwa kwa kazi moja

Huu mlango mtu mmoja haufungui. Hufunguliwa na watu wengi wakisukuma pamoja. Mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ilishitaki watu 93 kabla ya kufungwa mwisho wa 2015. Hukumu yake juu ya Jean-Paul Akayesu, 2 Septemba 1998, ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Kila wakili aliyesimama Baraka au Kavumu alisimama juu ya hukumu hiyo ya Arusha. Kwa upande wa wingi, Rwanda yenyewe kupitia gacaca, majaji wa kuchaguliwa na jirani, kikao kwenye nyasi, ilimaliza kesi karibu milioni mbili kufikia 2012, bila mawakili na bila kugusa makosa ya washindi wa vita. Arusha ilikuwa na ubora, gacaca ilikuwa na wingi.

Dakar ni somo la subira. Waathirika wa Hissène Habré, aliyeitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, walifungua malalamiko Senegal mwaka 2000. Souleymane Guengueng, aliyeponea chupuchupu katika jela zake, alikuwa amekusanya na kuficha maelezo ya mamia ya wenzake. Hukumu ya maisha ilitoka 30 Mei 2016 katika mahakama maalumu iliyoundwa na Senegal pamoja na Umoja wa Afrika. Ni miaka 16, lakini ni Waafrika waliomhukumu rais wa zamani wa Afrika, na ni waathirika walioiburuta kesi hadi pale.

Mimi ningechagua vipi

Tukio likiwa la Kongo, baada ya 2002, na aliyelifanya ni kamanda wa ngazi ya kati anayejulikana kwa sura, ningeanza na mahakama ya kusafiri, kwa sharti la pazia, video na mpango wa kumhamisha shahidi kabla ya siku ya kwanza. Akiwa mkubwa asiyeguswa na majaji wa nyumbani, taarifa ipelekwe kwa mwendesha mashtaka wa ICC. Yeyote anaweza kuipeleka, bila ada na bila wakili, ila mwendesha mashtaka halazimiki kuifuata. ICC yenyewe imewekwa iingie pale nchi isipotaka au isipoweza, kwa hiyo barua inayoonyesha nyumbani mlijaribu mkakwama ina uzito kuliko inayolalamika tu. Mrundi wa 2015 hadi Oktoba 2017 aende Hague moja kwa moja, sioni mlango mwingine wa karibu. Mtuhumiwa akiwa Ulaya, Ulaya.

Kwa vyovyote vile, maelezo kamili yachukuliwe mara moja, na mtu mmoja aliyefunzwa. Nimeona shahidi aliyehojiwa na mashirika manne. Tarehe zikatofautiana kidogo katika kila karatasi, na tofauti hizo ndizo wakili wa utetezi huzishika. Asitie saini kitu ambacho hakusomewa kwa lugha yake. Karatasi halisi zibaki kwake, nakala ndizo zitoke.

Yule mama wa Makobola alisikiliza yote haya siku mbili. Hague hapana, kwa ajili ya tarehe. Ulaya, kama mmoja wa wakubwa wa siku zile anaishi huko, naye hakujua. Kongo sheria haijamfungia, makosa ya namna hii hayafutwi na muda, lakini alisema Fizi harudi. Akauliza sasa daftari litafanya kazi gani. Wakili akamjibu kwamba linanakiliwa leo, ukurasa kwa ukurasa, na maelezo yake yanaandikwa, ili mlango ukifunguka yakutwe tayari. Nikaanza kumsomea majina kwa sauti ayahakiki. Kwenye jina la tisa akanishika mkono. Lilikuwa la mwanawe, nalo limeandikwa kama walivyoliandika shuleni. Nyumbani hakuitwa hivyo. Tukaandika yote mawili. Akalirudisha daftari mfukoni, akaukunja mara tatu.